Pumzi ya Kifalme

Mume wangu alistaafu siku ya Ijumaa, na kufika Jumatatu alikuwa ameshaanza kutafuta mtu wa kumsifia.

Kang Oyon, kama ninavyomwita kwa heshima, si mtu mbaya, naomba hilo lieleweke mapema. Ila kwa miaka mingi alikuwa mkuu wa idara hapa Garut, kisiwani Java, na cheo kile kilimharibu masikio. Akisema kichekesho, ofisi nzima ilicheka kabla hajafika mwisho. Akiimba kwenye sherehe za ofisi, walimpigia makofi mpaka mimi niliyekaa mezani nikaona haya kwa niaba ya wimbo wenyewe. Ana sauti ya mlango usiotiwa mafuta, lakini wafanyakazi wake walikuwa wakimsikiliza wamefumba macho, mkono kifuani, kama watu waliopokea habari njema kutoka mbinguni. Akaamini. Nani angekataa?

Sasa amekaa nyumbani. Asubuhi anatoa kichekesho juu ya sahani ya wali, mimi naendelea kumenya vitunguu. Anakwenda kukijaribu kwa jirani, jirani anamuuliza, "Halafu ikawaje?" Wiki haikuisha, uso umeshamsinyaa. Nilimwonea huruma, lakini kucheka sikucheka, maana kichekesho chenyewe nilikuwa nacho tangu tuoane.

Jioni moja tulikuwa tunatazama televisheni. Kukatokea mzee mmoja anapuliza suling, filimbi yetu ya mwanzi, na nyuma yake kecapi inalia, lile zeze kubwa la kulazwa chini. Kamera ikawaonyesha watazamaji: akina mama watu wazima wanafuta machozi. Mume wangu akaacha kutafuna.

"Entin," akasema, "mimi nitajifunza suling."

"Kang, kikohozi chako cha asubuhi tu majirani wanakilalamikia."

"Ndiyo maana yake. Pumzi ninayo."

Mwaka ule ule tulikuwa tunamwoza binti yetu, Wida. Akaapa siku ya harusi atapuliza yeye mwenyewe, mbele ya wakwe, mbele ya ofisi nzima.

"Abah, usije ukaniaibisha," Wida akamwambia.

"Nikuaibishe? Utalia kwa furaha, mwanangu."

"Kulia nitalia," Wida akasema, akaingia chumbani kwake.

Mwalimu wa kwanza alikuwa Teh Imas, mwanamke mwembamba anayekuja na pikipiki yake, filimbi ameziweka kwenye mfuko wa kitambaa mgongoni. Kabla hajafika, mume wangu alikuwa ameshajiandaa. Si kwa mazoezi, kwa ununuzi. Alinunua filimbi za kila urefu na kabati la kioo la kuziwekea, akanunua na kipaza sauti, na shati la batiki lenye nyuzi za dhahabu. Teh Imas akalitazama kabati.

"Zote hizi za nini, Pak Oyon?"

"Za kupuliza."

"Kwani una midomo mingapi?"

Jikoni nikauma kitambaa cha kufutia vyombo.

Mume wangu akaketi kwenye kiti chake cha kuzunguka, kile alichoondoka nacho ofisini. Teh Imas akamwonyesha mkeka. Akashuka kwa kuguna, magoti yakilia. Akashika filimbi, akavuta hewa mpaka vifungo vya shati vikatishika, akapuliza. Kikatoka kitu kama mtu anayepoza chai.

"Huo upepo," Teh Imas akasema. "Hata dirisha lako linautoa. Mimi nataka sauti."

"Filimbi hii ina ufa."

Teh Imas akamnyang'anya filimbi ile ile, akaipangusa, akaitia mdomoni. Nilikuwa nakaanga samaki. Sikumbuki alipuliza wimbo gani. Ninachokumbuka ni kwamba kulikuwa na baridi ya mlimani ndani ya ile sauti, na mtu anayeitwa kutoka mbali, na kwamba yule samaki tulimla ameungua upande mmoja.

Akamrudishia filimbi. "Haina ufa."

Tangu hapo ikawa kila akija ni sauti moja tu. Ivute, ishikilie, usiiache iyumbe. Mume wangu hakulipenda jambo hilo hata kidogo. Mtu aliyezoea kufungua mikutano kwa hotuba atawezaje kuridhika na sauti moja?

"Wimbo tunaanza lini?"

"Sauti ikipatikana."

"Na itapatikana lini?"

"Hilo umuulize aliyekuumba. Vidole hivyo, Pak, vilaze taratibu juu ya matundu. Hupigi mhuri hapa."

Basi akawa anakwepa kupuliza kwa kusimulia. Mara barabara aliyoizindua, mara waziri aliyempa mkono, mara tuzo iliyoko ukutani. Teh Imas anamsikiliza, kisha anasema, "Umemaliza? Haya, sauti." Siku moja alimwambia kwamba kama ulimi wake ungekuwa ndani ya filimbi, angeshakuwa bingwa wa Java nzima. Siku hiyo ndiyo ikawa ya mwisho. Mume wangu hakumfukuza mwenyewe; watu waliokuwa wakubwa hawafukuzi, wanatuma mtu. Alinituma mimi.

"Anasema huna adabu," nikamwambia getini, nikitazama chini.

Teh Imas akafunga kofia yake ya pikipiki, wala hakuonyesha kuudhika. "Si vibaya, Bu Entin. Na wewe pole."

Pole ile niliifikiria baadaye, nikaona ilikuwa imefika mahali pake.

Wa pili aliletwa na mmoja wa vijana wake wa ofisini wa zamani. Jina lake Gumelar, ila mwenyewe alitaka aitwe Ki Gumelar, kama wazee wenye hekima, ingawa umri wake haukuzidi wa mdogo wangu wa mwisho. Alikuja na kilemba cha batiki, pete za mawe vidole vyote, na ubani wake mwenyewe. Hakufungua mfuko wa filimbi. Alimshika mume wangu kidevu, akamfungua kinywa, akachungulia ndani kama mtu anayenunua nyati. Kisha akarudi nyuma hatua, mkono kifuani.

"Subhanallah," akanong'ona. "Bapak, hii ni pumzi ya kifalme. Pumzi ya wafalme wa kale wa Pajajaran. Mimi nimezunguka nchi nzima ya Sunda, sijawahi kukutana nayo. Nilikuwa nimeshakata tamaa."

Mume wangu macho yakamjaa maji. Akapuliza. Ikatoka chai ile ile, bado ya moto.

"Umesikia?" Ki Gumelar akauliza.

"Nini?"

"Ule uzito."

"Nimeusikia," mume wangu akasema.

"Mimi nimesikia upepo," nikasema kutoka jikoni.

"Bu," Ki Gumelar akanijibu kwa upole mkubwa, "akina mama wengi mwanzoni husikia upepo."

Njia yake ya kufundisha ilikuwa hii. Wanakaa mgongo kwa mgongo, eti roho ziungane. Ubani unawashwa. Mume wangu anapuliza huku, Ki Gumelar anapuliza kule. Na Ki Gumelar, lazima niseme haki, alijua kupuliza. Nyumba ikajaa muziki, majirani wakasimama kwenye ua. Wimbo ukiisha mume wangu anafumbua macho, jasho linamtiririka, uso wa mtu aliyejifungua salama. Ki Gumelar anafuta chozi, halafu anahamia kwenye ndizi za kukaanga. Alizila zote, akaomba na za kufungiwa. Dodoli, ile halua yetu ya Garut niliyoiweka kwa ajili ya wageni wa harusi, ilianza kupungua kabla hatujachapa hata kadi.

"Kang," nikamwambia mume wangu, "hebu puliza peke yako nisikie."

"Siruhusiwi."

"Huruhusiwi na nani?"

"Ki amesema nisipulize peke yangu mpaka siku yenyewe. Nguvu itavuja."

"Itavujia wapi?"

Akanitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu aliyezaliwa bila kitu fulani. Tangu hapo hakugusa filimbi ila Ki Gumelar akiwa nyuma yake. Alikuwa anapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, na mwenyewe anajiona anang'aa.

Harusi tuliifanya nyumbani, hema limefunika ua mpaka barabarani. Wida alipendeza, na bwana harusi, Dikdik, kijana mpole wa Cianjur, alikuwa anamtazama mkwewe kwa wasiwasi tangu asubuhi. Meza ya mbele upande wa kulia ilikuwa ya watu wa ofisini. Katikati yao aliketi Pak Hendarsin, mkuu mpya wa idara. Zamani huyo ndiye aliyekuwa akimbebea mume wangu mkoba. Sasa kulikuwa na kijana mwingine aliyebeba wa kwake.

Upande wa kushoto alikaa Bu Kokom, mama yake Dikdik, mjane, mwanamke mpana mwenye kicheko kikubwa kuliko hema. Marehemu mumewe alikuwa mpuliza suling katika vikundi vya Cianjur, jambo ambalo mume wangu alilijua na alilifurahia. "Sasa atasikia," aliniambia.

Ki Gumelar alijipanga nyuma ya ukuta wa maua, pamoja na mpiga kecapi. Alisema mahali pa mwalimu ni kivulini. Mume wangu akasimama mbele ya maua na shati lake la nyuzi za dhahabu, akafumba macho, akapuliza. Loo, ilikuwa tamu! Sauti ikapanda, ikazunguka juu ya vichwa vya watu, ikashuka. Wageni waliacha kula. Katikati ya wimbo kikohozi kikamshika, kile chake cha asubuhi, akainama pembeni na kukohoa kwa nguvu. Filimbi ikaendelea kulia bila yeye. Akarudisha mwanzi mdomoni, akaendelea pale muziki ulipofika, kama mtu aliyewahi kudandia gari lake likiwa linaondoka.

Makofi yakapigwa. Meza ya ofisini walisimama, maana na Pak Hendarsin alikuwa anapiga. Mume wangu akainama kulia, akainama kushoto. Nikasema moyoni, basi imepita, tumshukuru Mungu.

Bu Kokom akanyanyuka.

"Mkwe wangu!" akaita, na mtu akiitwa na sauti ile hawezi kusingizia hakusikia. "Umenikumbusha marehemu. Nakuomba kitu kimoja. Nipulizie tena, peke yako. Bila kecapi, bila chochote. Marehemu alikuwa akinipulizia hivyo barazani."

Watu wakasema "Aaah!" kwa hisia. Mume wangu akageuza shingo kutazama maua. Mimi niliyekaa pembeni nilimwona Ki Gumelar nyuma ya maua, ameinua uso anachunguza paa la hema kama fundi aliyeitwa kulitengeneza.

"Pumzi imechoka kidogo, Bu," mume wangu akasema.

"Kidogo tu, mkwe. Hata mstari mmoja."

Angefanya nini? Na nitasema ukweli: nadhani alikuwa hajaogopa bado. Nadhani aliamini itatoka. Alifumba macho vilevile, akainua kidevu vilevile, akapuliza.

Kwanza upepo. Halafu kikatoka kitu kama birika linalotaka kuchemka, kikapanda, kikapanda zaidi, kisha kikakatika kama gesi imeisha. Akajaribu tena, birika likarudi. Mtoto mchanga mahali fulani akaanza kulia. Dikdik alitazama viatu vyake. Wida alishusha shela usoni, na wala haikuwa desturi.

Mimi niliitazama meza ya ofisini. Mikono ilikuwa imeshainuka, yote, tayari kupiga makofi, maana mikono ile ilifundishwa kwa miaka mingi. Halafu vichwa vikageuka, vyote kwa pamoja, kumtazama Pak Hendarsin. Pak Hendarsin alikuwa anachokonoa meno kwa kijiti cha mshikaki. Hakuinua mkono. Mikono mingine ikabaki hewani kidogo, kisha ikashuka, mmoja ukachukua kijiko, mmoja ukarekebisha kola. Yule kijana aliyemleta Ki Gumelar akawa anatafuta kitu chini ya meza.

Mume wangu alikuwa amefumbua macho. Aliona mikono ile ilivyopanda na ilivyoshuka. Nimeishi naye maisha yangu yote ya utu uzima, na sijawahi kuona uso wake ukiwa mtupu namna ile.

Ndipo Bu Kokom akaangua kicheko. Alicheka kwa tumbo na mabega, akajipiga paja. "Mkwe! Wallahi, ndivyo alivyokuwa marehemu mwaka wa kwanza! Nilimfukuzia bandani akawapulizie mbuzi. Mbuzi wakakata maziwa!" Hema zima likacheka, na hewa ikarudi. Akamfuata mume wangu, akamshika mkono, akamketisha na kumwekea bakuli la supu ya mipira ya nyama. "Kula, mkwe. Nilikuona ulipokohoa," akamwambia chini chini. "Nikataka tu kujua."

Yeye akala, mume wangu hakula.

Baadaye kidogo nilikuwa napitisha sinia ya keki nyuma ya ukuta wa maua. Nikamkuta Ki Gumelar ameinama mbele ya Pak Hendarsin, amemshika kidevu, anachungulia kinywani.

"Subhanallah," alikuwa anasema. "Bapak, hii ni pumzi ya kifalme."

"Kweli, Ki?" Pak Hendarsin akauliza, mdomo ungali wazi.

"Pajajaran. Nilikuwa nimeshakata tamaa."

Na wale vijana wa ofisini walikuwa wamesimama duara, kila mmoja mkono kifuani, wanaitikia kwa vichwa.

Alasiri wageni wameondoka na mafundi wanashusha hema, nilimkuta mume wangu amekaa peke yake kwenye kiti cha bibi harusi, maua yananyauka pande zote. Nikamsimulia nilichokiona. Sikukiremba.

"Amesema neno hilo hilo?" akauliza.

"Hilo hilo. Na wafalme amewataja."

"Kwa Hendarsin?" Akasimama. "Hendarsin ana pumu! Hendarsin akipanda ngazi za ofisi lazima apumzike katikati! Hatembei bila kale kachupa kake ka kuvuta! Pumzi ya kifalme, Hendarsin?"

Nikaona wazo linaingia kichwani mwake polepole, kama barua zilivyokuwa zikipita ofisini kwake, kila dawati na mhuri wake. Akaketi tena.

"Kwa hiyo mimi..."

"Ndiyo, Kang."

"Na ule wimbo wa leo..."

"Ulikohoa, wimbo ukaendelea."

Akashika ua, akalinyofoa petali. "Na kule ofisini. Nilipokuwa naimba."

Ningeweza kumdanganya. Siku ya harusi ya binti yetu ingefaa kumdanganya. Lakini miguu ilikuwa inaniuma.

"Ndiyo, Kang."

"Wote?"

"Dereva alikuwa anatoka nje."

"Nilidhani anakwenda kuangalia gari," akasema mume wangu.

Kwa muda mrefu baada ya hapo nyumba ilikuwa kama ya msiba. Hakusema kichekesho hata kimoja, na mimi, kwa kukosa kazi, nikakikumbuka kile cha zamani nikakiona si kibaya sana. Kisha siku moja akaniambia, bila kunitazama, nimpigie simu Teh Imas.

"Mpigie mwenyewe. Nilimfukuza mimi, kumwomba uombe wewe."

Akampigia akiwa bafuni, akidhani sisikii. Teh Imas hakumkataa, ila alisema haji tena. Anayetaka aje kwake Jumamosi alasiri, akae na wengine. Wengine ni mkunga mmoja mstaafu na watoto wa shule ya msingi.

Siku ya kwanza alirudi mwekundu mpaka masikioni. "Kuna katoto ka kike pale, meno ya mbele hakana. Kananiambia, 'Babu, unaziba tundu ambalo si lake.' Mbele za watu!"

"Na mwalimu akasemaje?"

"Kasema katoto kako sawa."

"Basi usirudi."

"Nisirudi? Kale katoto kana kiburi. Lazima nikashinde."

Akarudi, na bado anarudi. Jioni anakaa nyuma ya nyumba, ukingoni mwa bwawa la samaki, anavuta sauti moja, inayumba, anaanza upya. Kabati la kioo nimelipata mimi, naweka vikombe. Sitawadanganya: bado anapuliza vibaya. Siku nyingine ikitoka safi kidogo ananiita kwa furaha, nikifika imeshaharibika.

Mwezi uliopita tukapata mwaliko wa sherehe ya idara. Pak Hendarsin angepuliza suling. Mume wangu alivaa haraka kuliko siku ya harusi ya mwanawe. Tulikaa safu ya nne, karibu na spika. Ukuta wa maua ulikuwepo, mkubwa kuliko wetu. Pak Hendarsin akafumba macho, na suling ikalia vizuri sana, na wafanyakazi wote mkono kifuani. Mume wangu alisikiliza ameinamisha kichwa upande mmoja.

"Huyu hapumui kabisa," akaninong'oneza. "Angalia kifua. Hata hajavuta hewa."

"Nimeona."

Wimbo ulipoisha, mtu wa kwanza kusimama alikuwa mume wangu. Alipiga makofi mpaka safu ya mbele wakageuka. Akapiga mluzi. Pak Hendarsin akashuka jukwaani, jasho linamtoka, akaja moja kwa moja kwetu.

"Pak Oyon, wewe unaujua muziki. Niambie kweli. Ilikuwaje?"

"Pak," mume wangu akamwambia, amemshika mikono yote miwili, "ukipata nafasi ya kupuliza mbele ya gavana, usiikatae."

Pak Hendarsin akavimba palepale. Nje, mume wangu akiwa anatafuta funguo za pikipiki, nikamuuliza kwa nini hakumwonya yule maskini.

"Mimi nani alinionya?"

"Mimi! Nilikuwa nakwambia kila siku kutoka jikoni!"

Akafikiri. "Ulikuwa unakaanga," akasema. "Sauti ya mafuta ni kubwa."

Akawasha pikipiki. Jumamosi akaenda kwa Teh Imas kama kawaida, akarudi amekasirika kama kawaida.